Kamba ya Bwana Tate

Jumapili, 12 Aprili 1953

Mozelle amenichoka. Leo tukitoka kanisani, mbele ya mashemasi wawili, ananiambia, "Cato, hayo maneno yako juu ya Wazungu kayaandike mahali. Masikio yangu yamejaa." Nikamjibu kwamba mimi si msomi, niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu. "Basi andika vibaya," akasema. Ndiyo hivi naandika vibaya.

Jina langu Cato Broadnax. Mozelle ni dada yangu mdogo, mjane, na nyumba ni yake. Kwa miaka ishirini nilidaka mipira ya besiboli, nyuma ya mgongaji, kwenye timu zetu za Weusi, na vidole vyangu sasa vinaelekea kila upande kama ndugu waliogombania shamba. Siku hizo tulicheza na Wazungu mara moja moja, majira ya baridi, ligi zao zikiwa zimelala, na tukiwafunga walikuwa wanasema ilikuwa mazoezi tu. Sijawahi kuona watu wanaofanya mazoezi huku wanalia.

Alhamisi, 16 Aprili

Honi nje. Ni Bwana Purcell Tate, mwenye kiwanda cha barafu na mwenye timu ya mji, Korongo wa Maddox Ferry. Hakushuka kwenye gari. Mzungu wa hapa Georgia akiwa na shida na wewe, shida yake inakaa garini inakusubiri.

"Mjomba Cato," ananiita, "nimesajili kijana mmoja wa kwenu. Hotelini hawamtaki. Mozelle ana chumba?"

Wananiita Mjomba tangu mvi zilipoota. Kabla ya hapo waliniita kijana. Ile miaka ya katikati ambayo mtu huitwa Bwana, mimi sikupewa.

Ni miaka sita sasa tangu mtu wetu wa kwanza aingie kwenye ligi kubwa huko Kaskazini, na habari ndiyo kwanza inafika Maddox Ferry. Labda ilikuja kwa miguu.

Jumatatu, 20 Aprili

Kijana amefika. Wendell Gaither, wa Birmingham, miaka ishirini na miwili, mlinzi wa kituo cha pili kati ya vile mkimbiaji anavyovizunguka, anagonga kwa mkono wa kushoto. Mrefu, mpole, anajibu "ndiyo, Mzee Cato" na "asante, Mama Mozelle" mpaka nyumba inatia usingizi. Alikula vipande vitano vya kuku, akaomba radhi kwa kila kimoja.

Nikamwambia Mozelle jikoni, "Huyu mwanakondoo. Watamla mbichi."

"Wewe ulikuwa simba," akasema, "na ulifika wapi?"

Jumatano, 22 Aprili

Mechi ya kwanza nyumbani. Saa sita mchana Wendell anatoka chumbani amevaa jezi kamili, korongo wa buluu kifuani, njumu kazining'iniza shingoni, soksi za kawaida na viatu vya kanisani.

"Unakwenda wapi hivyo, harusini?"

"Kocha Hubbard amesema chumba cha kuvalia ni kidogo, Mzee. Nivae nyumbani, nirudi kuoga nyumbani."

Kidogo! Kile chumba nilikijenga mimi na mafundi wengine mwaka ule wa mafuriko. Ungeweza kufugia ng'ombe humo. Nikakasirika, nikachukua kofia yangu, nikamwambia hatembei peke yake kama mtoto aliyefukuzwa shule. Tukashika barabara ya Pecan wawili. Kinyozi Otis akatoka na wembe mkononi. Mteja wake akatoka na povu kidevuni. Akina mama wakatoka barazani. Wote walikuwa wanamtazama yule korongo kifuani kana kwamba ni mgonjwa aliyepona.

Aligonga mara mbili akafika kituoni salama. Tulishinda. Nimesema "tulishinda" na nimejishangaa.

Ijumaa, 24 Aprili

Tena barabara ya Pecan. Leo tulikuwa kama thelathini nyuma yake. Otis amefunga kibanda chake cha kunyolea.

Jumapili, 3 Mei

Walikotoka hawa watu wote sijui. Malori ya mashambani kutoka wilaya tatu, wanawake na kofia zao za kanisani, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Wote kumwona Wendell.

Sasa niseme kuhusu kamba. Uwanja wa Tate una jukwaa kubwa lenye paa, nyuma ya mgongaji. Hilo la Wazungu. Upande wa kulia, mbali, kuna mabao ya kukalia yaliyopigiliwa juani, hakuna paa, hakuna choo. Hapo ndipo petu. Katikati imefungwa kamba ya katani, nene kama mkono wa mtoto, na polisi anasimama kwenye kamba. Leo mabao yetu yalijaa, watu wakasimama mpaka kwenye majani, wengine wakarudishwa mlangoni wakiambiwa uwanja umejaa. Na nusu ya jukwaa lenye paa ilikuwa tupu! Viti vitupu vimekaa kivulini vinajipepea, na bibi kizee wa miaka themanini amesimama juani na tiketi yake mkononi.

Tate mwenyewe alikuwa mlangoni anacheka na kila mtu. Kiwanda cha barafu hakijawahi kumchekesha hivyo.

Alhamisi, 14 Mei

Mchezaji wa wageni aliteleza kituo cha pili akiwa ameinua njumu juu kama mtu anayepanda ngazi. Akamchana Wendell paja. Mwamuzi alikuwa anatazama mawingu. Mdakaji wetu, Lonnie Strickland, ambaye mwezi jana alitemea mate glavu ya Wendell, alicheka. Mozelle alimfunga kidonda, akashona suruali, akaifua mara tatu damu itoke. Mfuaji wa timu hagusi jezi ya Wendell, kwa hiyo inafuliwa hapa na kuanikwa nyuma ya nyumba. Majirani wanakuja kuitazama kwenye kamba ya nguo. Wanasimama tu. Mtoto mmoja aliuliza kama anaweza kuigusa, Mozelle akamwambia anawe mikono kwanza.

"Kwa nini hukumrudishia?" nikamuuliza Wendell. "Siku zetu ningemdaka kwa meno."

"Siku zenu, Mzee, mlikuwa mnacheza wenyewe kwa wenyewe. Mimi nikirusha ngumi moja, mlango unafungwa kwa wote walio nyuma yangu."

Nikamwambia hayo ni maneno ya mhubiri. Akacheka, akaniomba nimpitishie mkate wa mahindi.

Jumatano, 27 Mei

Wamerudi kutoka Culver. Culver wana sheria ya mji: mweusi na mweupe hawachezi mchezo mmoja. Hata dama. Siku tatu Wendell alikaa ndani ya basi, nje ya uwanja, kwenye joto, akisikiliza makelele apate kujua nani amegonga. Wachezaji walikuwa wanamletea mkate na nyama dirishani. Nikauliza nani. "Strickland," akasema. Nikamwambia auchunguze huo mkate.

Jumanne, 9 Juni

Mvua. Hakuna mechi. Mozelle ananisoma juu ya bega na kusema nimeandika "mvua" vibaya.

Jumamosi, 20 Juni

Kocha Hubbard alikuja barazani leo, kofia mkononi. Kwa Mzungu si mtu mbaya, nilifikiri. Alikunywa chai yetu ya barafu, kwenye glasi yetu, na hakuifuta mdomo kwanza. Akatueleza. Mwisho wa Agosti, Jumapili ya tarehe thelathini, mtu wa klabu kubwa atakuja kutazama vijana. Akimpenda Wendell, mwakani yuko ngazi mbili juu, na kutoka hapo ligi kubwa unaiona kwa macho.

"Kazi yako ni moja," akamwambia. "Uwe bado uko hapa tarehe thelathini."

"Na kwa nini asiwepo?" nikauliza.

Hubbard akaitazama glasi. "Tate hampendi, Mjomba Cato. Anapenda watu wanaokuja kumtazama. Siku hao watu wasipokuja, nami sina la kusema."

Wendell alipomsindikiza langoni, Mozelle akasema, "Umesikia? Kwa hiyo funga mdomo wako mpaka Septemba."

Nikafunga. Inauma kama jino.

Jumapili, 5 Julai

Leo nitaandika mpaka mkono ufe ganzi.

Watu walikuwa wamejaa kuliko siku zote, kwa ajili ya sikukuu ya uhuru ya jana. Mchezo ulipofika katikati, mbingu ikawa nyeusi upande wa mto na upepo ukaanza kubeba kofia. Halafu ikamwagika. Si mvua, ni ndoo. Radi ikapiga mti ng'ambo ya reli. Wachezaji wakakimbilia ndani. Wazungu wakasogea ndani zaidi chini ya paa lao, wakapata nafasi ya kunyoosha miguu, maana nusu ya viti vyao ilikuwa tupu kama kawaida.

Na sisi tukakaa kwenye mabao tunalowa. Kwanza tukachekana, maana unafanyaje. Halafu radi ya pili ikaja karibu, watoto wakaanza kulia, na Mozelle akasimama. Mozelle wangu, anayeniambia kila siku nifunge mdomo. Akamshika mkono Bi Lavinia Crump, yule bibi wa miaka themanini, na mkono mwingine akamshika mtoto sijui wa nani, akatembea mpaka kwenye kamba, akaiinua, akapita chini.

Polisi akamzuia. "Rudi kwenu, shangazi."

"Nakwenda kusimama chini ya paa tu, bwana. Sikai. Mvua ikikata narudi."

"Nimesema rudi."

"Huyu mama atakufa na kichomi. Pale kuna viti mia havina mtu."

"Hivyo viti vina wenyewe."

"Wako wapi?"

Akamsukuma. Sikusikia vizuri kwa mvua, lakini niliona. Alimsukuma kwa kiganja kifuani, na dada yangu akaanguka chali kwenye matope, na kofia yake ya majani yenye cheri, aliyopewa na marehemu mumewe, ikaenda na maji. Jukwaa zima lenye paa liliona. Kuna mtu alicheka. Kuna mama mmoja wa Kizungu aliziba mdomo kwa mkono, na nadhani aliona amefanya mengi.

Nilifika pale sijui kwa miguu gani. Lakini aliyefika kwanza alikuwa Wendell. Alitoka mapumzikoni akavuka uwanja mzima kwenye mvua. Nikasema moyoni, sasa. Sasa mwanakondoo atamvunja mtu taya, na tarehe thelathini imekwisha. Akapiga magoti kwenye matope na jezi yake nyeupe, akamwinua Mozelle kama anavyoinuliwa mtoto, akambeba mpaka kwenye mabao yetu, akaketi naye mvuani. Hakumtazama polisi hata mara moja. Kocha Hubbard alimwita arudi. Hakurudi mpaka mvua ilipokata.

Tulipofika nyumbani Mozelle alikaa jikoni na nguo mbichi. Nikangoja aniambie nisiseme kitu. Akasema, "Cato. Mimi siketi tena nyuma ya ile kamba. Hata Mungu akicheza."

Jumatatu, 6 Julai

Kibanda cha Otis kilijaa mpaka nje. Kila mtu na hasira yake. Mwisho tukakubaliana: hakuna mtu wetu atakayenunua tiketi ya Tate mpaka kamba itoke na tukae chini ya paa kama watu wenye tiketi. Lakini kumtazama Wendell tutamtazama. Nyuma ya ukuta wa kulia kuna tuta la reli, juu kuliko ukuta, na ardhi ile ni ya shirika la reli, si ya Tate wala ya polisi wake. Na vibarua wa reli ni sisi.

Otis peke yake alikuna kichwa. "Na kijana? Tate si ndiyo anamweka kwa ajili ya tiketi zetu?"

Wote wakanitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyemzaa.

Jumatano, 8 Julai

Asubuhi, uji wa mahindi mezani, nikamwambia. Sikuchezacheza na maneno kama kawaida yangu. Nikasema, tukikaa kwenye tuta, Tate hana faida na wewe. Ukisema hapana, nitarudi kwa Otis na kuvunja mambo yote, na hakuna atakayejua ni wewe.

Alikoroga uji muda mrefu. Mozelle alikuwa amesimama kwenye jiko ametupa mgongo.

"Mzee Cato," akasema, "mimi nitacheza. Ninyi kaeni mnapotaka."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Sikumwelewa. Niliona ni jibu la mtu asiyetaka kuchafua mikono. Nimeliandika hapa ili nilikasirikie vizuri.

Jumapili, 12 Julai

Mabao yetu matupu! Tuta limejaa kutoka daraja mpaka mnara wa maji! Karanga za kuchemsha, viti vya jikoni, miavuli, mtoto mmoja na mbuzi. Mozelle kaja na beseni lake la kufulia, anamenya mbaazi mapajani, hana kofia. Tate alisimama katikati ya uwanja akatutazama kama mtu aliyeibiwa gari akaliona limeegeshwa mbele ya nyumba yake.

Wendell akagonga mpira ukapita juu ya ukuta ukatua kwenye mbaazi za Mozelle. Kawaida, mtoto akiokota mpira uliotoka nje anaurudisha mlangoni na kuingia bure. Ndiyo desturi, maana mipira ni ghali na timu ndogo kama hii inategemea irudi. Mtoto wa Otis akaja mbio kuuchukua. Mozelle akaweka mkono juu ya beseni.

"Unakwenda wapi nao?"

"Kuurudisha, mama, niingie bure."

"Uingie wapi?"

Mtoto akatazama mabao yetu juani, na kamba. Akakaa.

Jumatano, 22 Julai

Beseni limejaa. Tumeanza kutumia ndoo.

Jumapili, 2 Agosti

Tate alimtuma Hubbard. Amesema kama Weusi hawarudi kwenye mabao, Wendell anaondoka. Wendell alikuwepo, anasikia. Nilidhani Hubbard atasema neno lake mwenyewe pia, hata dogo. Alisema, "Mimi ni mtumishi tu." Nikaondoa ile glasi mezani kabla hajaigusa.

Baadaye nikamwambia Mozelle, labda turudi. Wiki nne tu. Tunakaa, tunameza, kijana anaonwa, basi.

Mozelle akasema, "Muulize yeye."

Wendell alikuwa nyuma ya nyumba anaanika jezi mwenyewe. "Tulieni hapo hapo," akasema, bado ana kibanio mdomoni. "Hawezi kuniacha sasa. Timu nne za juu zinaingia mchujo, nasi tunapigania nafasi ya nne, na mimi ndiye nagonga vizuri kuliko wote. Ananichukia, lakini mchujo anaupenda zaidi."

Mara ya kwanza kumwona anatabasamu na meno yote. Nikaanza kumwogopa kidogo.

Alhamisi, 20 Agosti

Bado yuko. Bado tuko. Jua kali, pichi zimeiva, Tate kaagiza mipira mipya kutoka Atlanta na amewakataza wachezaji kufanya mazoezi ya kugonga.

Jumapili, 30 Agosti

Mechi ya mwisho ya msimu, na Culver, wale wa sheria ya dama. Tukishinda tunaingia mchujo. Tukishindwa wanaingia wao. Jukwaa lenye paa leo lilikuwa na Wazungu kuliko siku zote, ingawa viti bado vilibaki. Mtu wa klabu kubwa alikuwa mstari wa mbele, kofia ya majani, miguu juu ya uzio. Sisi kwenye tuta.

Mchezo ulikuwa mkali, na mipira ikawa inakuja. Kila iliyotoka upande wetu ikakaa upande wetu. Wakafungana mbili kwa mbili. Zamu ya nane, zamu yetu kugonga, watu wawili vituoni, Wendell anaingia.

Sasa, mtu ambaye hajui mpira huu ajue jambo moja. Mgongaji akiugonga mpira ukaenda nje ya mstari, anarudia, na akishafika makosa mawili anaweza kurudia mpaka kesho bila kutolewa. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa bahati. Nimeishi nyuma ya wagongaji miaka ishirini, na niliwahi kumjua mmoja aliyeweza kufanya makusudi.

Makosa mawili. Mrushaji akarusha, Wendell akaugusa tu ubavuni. Ukaja juu ya ukuta wetu, nje ya mstari. Tukapiga kelele. Akarusha mwingine. Ukaja karibu na ule wa kwanza. Mwingine. Ukaja. Kwa mara ya nne Otis akasema, "Leo kashikwa na nini? Hawezi kuunyoosha."

Mimi nilikuwa nimesimama. "Otis," nikasema, "mtazame viganja vyake. Hautaki ndani."

Mozelle akaacha mbaazi.

Ukaja mwingine, na mwingine, mmoja mmoja, kama mtu anayepokezana matofali na fundi aliye juu. Alikuwa anatuletea. Mbele ya mtu wa klabu kubwa, siku yake moja, mbele ya macho aliyoyangoja tangu Aprili, alikuwa anamaliza mipira ya Tate. Yule niliyemwita mwanakondoo. Nilitaka kumpigia kelele aache, agonge mmoja ulionyooka, mjinga we, mmoja tu, yule mtu anatazama!

Halafu mwamuzi akanyoosha mkono kuomba mpira na hapakuwa na mpira. Akageukia benchi. Hubbard akaonyesha viganja vitupu. Kanuni inasema timu ya nyumbani ndiyo yenye mipira, na isipokuwa nayo imeshindwa. Ni Jumapili, maduka yamefungwa. Culver walikuwa na yao ya mazoezi kwenye mfuko, wakaukalia. Mwamuzi akatoa saa yake. Dakika kumi na tano.

Tate akaja kwenye tuta kwa miguu. Mwaka huu wote, ndiyo mara ya kwanza ameshuka kwenye gari kuja kwetu.

"Mjomba Cato. Nipe mipira yangu."

"Mipira gani, Bwana Tate? Sisi tuko zetu nje tunakula karanga."

"Mjomba, usinichezee."

"Hilo la mjomba linanitatiza," nikasema. "Sikumbuki kumwona mama yako kwetu Krismasi."

Polisi nyuma yake akaweka mkono kiunoni. Lakini vibarua wa reli walikuwa wamesimama mmoja mmoja, na nyundo zao, juu ya ardhi ya shirika.

Mozelle ndiye aliyejibu. Hakuinuka. "Kata kamba, Bwana Tate. Watu wote wakae chini ya paa, na mipira yako unaipata. Nimeifua."

"Afadhali nishindwe."

Na angeshindwa! Alikuwa tayari! Msimu mzima, mchujo, fedha za mchujo, vyote avitupe kwa ajili ya katani ile. Alianza kuondoka. Kilichomrudisha si sisi. Kilikuwa jukwaa lenye paa. Mmoja akapiga kelele, "Toa kamba, Purcell, tunataka kucheza!" Halafu kumi, halafu wote, wanapiga miguu mbao zinalia, "Toa kamba! Toa kamba!" Wale wale. Wale waliomwona dada yangu matopeni Julai wakatafuna karanga zao. Strickland mdakaji alitoka benchi na kisu cha kukatia tumbaku, akaikata mwenyewe, akisema kwa sauti kwamba yeye ana mke na bonasi ya mchujo.

Watanihubiria kesho kwamba ni upendo. Nilikuwepo. Ilikuwa mipira.

Tuliimwaga ndoo kwa ndoo, ikaviringika tutani. Tukashuka, tukapita mlangoni, tukakaa chini ya paa, Bi Lavinia mstari wa mbele kabisa, na Mzungu mmoja akasogeza mguu wake kumpisha akiwa amekunja uso kama anatolewa jino.

Kiti cha mtu wa klabu kubwa kilikuwa kitupu.

Wendell akarudi kugonga. Mpira wa kwanza, mmoja tu, akaupeleka ulionyooka juu ya ukuta wa katikati, ukapita bango la tumbaku. Sijaona mpira ukigongwa hivyo. Tukashinda. Niliokota kipande cha kamba kwenye majani nikakizungusha begani.

Jumatatu, 31 Agosti

Tate amemwachisha kazi. Sababu: uharibifu wa makusudi wa vifaa vya klabu. Kwa mchujo kamleta kijana wa Kizungu anayedaka kama anakamata kuku.

Hubbard alisimama nje ya lango, hakuthubutu kuingia. Yule mtu wa klabu kubwa alikuwa na treni ya saa kumi na moja, akaondoka mwamuzi alipotoa saa. Alimwachia Hubbard neno moja juu ya Wendell: "Yule hawezi kuupeleka mpira ndani ya uwanja."

Nilicheka. Nikacheka mpaka Mozelle akaja kuniangalia, na hapo ndipo akaona sicheki.

"Ulijua?" nikamuuliza Wendell. Alikuwa anafunga sanduku.

"Nilijua yupo, Mzee. Nilikuwa namwona kofia yake."

"Sasa kwa nini?"

Akafunga kamba za sanduku, akazijaribu. "Mama Mozelle aliniambia nisimame, siku ile kwenye matope. Aliniambia, mwanangu, inuka, nenda ukacheze, tarehe thelathini. Yeye amelala chini, na ananikumbusha tarehe yangu."

Anakwenda Kanada. Huko kwenye nyanda za ngano wanacheza na yeyote, kasema, na wanalipa kwa wiki. Tulimsindikiza stesheni kwa barabara ya Pecan, watu wote nyuma yake, naye amevaa suti.

Jumapili, 6 Septemba

Mchujo. Nilikaa chini ya paa. Ilinyesha kidogo nikasikia matone juu, na sikulowa hata tone. Nina miaka sabini na moja ndipo nimekuja kukaa kwenye kiti kizuri, na pale kituo cha pili amesimama yule mkamata kuku. Wametupa paa, wakamwondoa mtu tuliyekuja kumtazama chini yake. Korongo walifungwa tisa kwa moja. Jukwaa zima lilihuzunika. Mimi nilinunua karanga za pili.

Jumamosi, 12 Septemba

Kijana wa ofisi ya Tate kaja kutaka jezi ya Wendell. Ni mali ya klabu. Mozelle alikuwa ameifua na kuianika nyuma ya nyumba. Ile kamba ya nguo ya zamani ilikatika, kwa hiyo nimemfungia nyingine, ya katani, nene kama mkono wa mtoto.

"Haijakauka," Mozelle akamwambia.

Alhamisi, 24 Septemba

Kaja tena. Jua linawaka, hakuna wingu kutoka hapa mpaka Alabama. Akaitazama jezi inavyopepea. Akamtazama Mozelle.

"Bado mbichi mabegani," Mozelle akasema.

Jumatatu, 19 Oktoba

Baridi ya kwanza. Majani ya mti wa mpekani yote chini. Leo alikuja Tate mwenyewe. Honi. Nikakaa barazani nikamenya karanga. Honi. Mwisho nikasikia mlango wa gari, na viatu vyake kwenye changarawe, mpaka kwenye ngazi. Akavua kofia, kwa sababu Mozelle alikuwa amesimama mlangoni na hakumwachia la kufanya jingine.

"Bwana Broadnax," akasema. Lilimtoka kama mwiba. "Ile jezi."

Nikainuka, nikaenda mpaka nyuma ya nyumba, nikaigusa mkono, nikaigusa kola, nikamgusa yule korongo kifuani. Nikarudi taratibu, maana mimi ni mzee.

"Pole sana, Bwana Tate," nikamwambia. "Haijakauka."